Shikamoo Katikati ya Uwanja

Siku niliyompigia kelele baba yangu mdogo mbele ya uwanja mzima, mwanangu, naikumbuka kama ya juzi. Hata sasa ninapoandika, moyo unadunda kana kwamba mwamuzi bado hajapuliza filimbi ya mwisho.

Nakuita mwanangu na najua utacheka, kwa sababu mimi mwenyewe ndevu zangu bado zinahesabika. Lakini jana pale mazoezini Mkolani mlijipanga mstari mkanipa shikamoo kama mzee wa ukoo, halafu mkaingia uwanjani mkacheza kimya kama watu waliokuja msibani. Na wewe hasa, kiungo wangu, ulimwona yule mshambuliaji akimjia kaka yako kwa nyuma. Ulimwona, usinikatalie, nilikuwa natazama macho yako. Ukanyamaza. Kaka yako akagongwa. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, maana nilijiona mimi mwenyewe pale, nimevaa jezi yako.

Basi sikiliza.

Mimi nilizaliwa Misungwi, kwenye nyumba ya wafugaji, na hakuna kocha aliyenifundisha mpira. Ukiungo niliusoma kwenye simu ya binamu yangu iliyopasuka kioo, nikiwa machungani. Nilikuwa natazama viungo wa Amerika ya Kusini tu. Niliwapenda wale watu kwa sababu hawakimbii ovyo; mpira unawafuata wao. Nikiona pasi moja nzuri, nairudia siku nzima kwenye ukuta wa ghala la pamba, na ikikosea hata kidogo naona kama nimemkosea mtu. Ndivyo nilivyoumbwa. Haya maneno unayoyasoma nimeyaanza upya mara nyingi kiasi cha kuona aibu.

Sasa, baba yangu mdogo Masalu, mdogo wake baba, alikuwa beki wa kati na nahodha wa timu ya ligi kuu pale mjini Mwanza. Ndiye aliyenitoa Misungwi na kunipeleka kwenye majaribio, nikapita, nikahamia kwake Mkolani. Nyumbani kwake nilikuwa namnawisha mikono kabla ya kula. Akiingia sebuleni, nasimama. Jina lake nilikuwa sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Halafu jioni inafika, navaa jezi, nawekwa kiungo mbele yake.

Unaijua kazi ya kiungo. Wewe ndiye unayeona pande zote. Beki anapopokea mpira amewapa wapinzani mgongo, macho yake ni wewe, na maneno yenyewe ni mafupi: Mtu! Geuka! Rudisha! Peke yako! Ni amri zote hizo. Nani amewahi kumwamrisha baba yake kama mbuzi?

Basi mimi nilikuwa nasema, "Baba mdogo, samahani, kuna mtu anakuja upande wako wa kushoto." Nikifika kwenye kushoto, mpira umeshaporwa. Kipa wetu, Bwire, Mjita mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa anaanguka chini kwa kucheka.

"Mheshimiwa mbunge amemaliza kuchangia hoja?" anauliza. "Basi turudi kwenye mpira!"

Siku nyingine: "Shija, mwandikie barua kabisa. Na muhuri ugonge!"

Nilicheka nao, lakini usiku wangu ulikuwa mrefu. Miguu yangu ilikuwa tayari. Pasi zangu zilikuwa safi, hata kocha alikiri. Alikiri, halafu akaniweka benchi. "Wewe unajua kila kitu," aliniambia, "na husemi chochote. Kwa hiyo ni sawa na asiyejua."

Katikati ya msimu, huku tunazidi kuporomoka kwenye msimamo wa ligi, ndipo akaja Anselmo.

Ungekuwepo siku hiyo! Kiungo wa Amerika ya Kusini, mzima mzima, anashuka kwenye gari pale mazoezini! Mimi niliyewatazama kwenye kioo kilichopasuka, leo mmoja wao yuko mbele yangu anatafuta mahali pa kuweka begi. Nilitegemea mtu mwepesi mwenye chenga. Akashuka mwanaume mwenye mvi kwenye kidevu, anachechemea kidogo, amebeba chupa ya maji ya barafu na kikombe kilichojaa majani makavu. Anamwagia maji ya baridi kwenye yale majani, ananyonya kwa mrija wa chuma. Bwire akaninong'oneza, "Hiyo ni dawa. Kesho naye ataruka ukuta badala ya kupita getini, kama timu zinazokwepa uchawi." Ilichukua muda Bwire kukubali kwamba ni kinywaji tu cha kwao, kama sisi na chai. Alipokionja alikunja uso, akasema bora ingekuwa dawa.

Neno la kwanza la Kiswahili Anselmo alilolipenda lilikuwa shikamoo. Alimpa kila mtu. Mlinzi wa geti, shikamoo. Muuza karanga, shikamoo. Watoto wa shule wanaopita na kaptula, shikamoo, nao wanaitikia marahaba huku wanakimbia kwa vicheko. Tulimweleza, haikusaidia. Maneno mengine aliyoyataka siku hiyo hiyo yalikuwa ya uwanjani, na aliyashika yote kabla ya kujua namna ya kuomba chumvi. Mtu. Geuka. Rudisha. Alikuwa anatembea nayo mdomoni kama mtoto anayejifunza kusoma.

Maisha yake nilikuja kuyajua Kigongo. Tulikuwa tunaelekea Geita kucheza ugenini, basi letu likakwama kwenye foleni ya kivuko. Miaka ile nguzo za daraja zilikuwa bado zinainuka majini. Anselmo alishuka, akaenda mpaka ukingoni, akachota maji kwa kiganja akaonja. Akageuka kwangu macho yamemtoka.

"Hapana chumvi!" akasema. "Mto?"

"Ziwa, kaka," nikamjibu.

Akakaa juu ya jiwe. Mama mmoja alikuwa anauza muhogo wa kuchemsha; Anselmo akanunua, akanigawia, akaniambia kwao Paragwai meza isiyo na muhogo haihesabiki kuwa ni chakula. Nchi yao haina bahari. Alizaliwa kando ya mto mpana, na baba yake alikuwa anavusha watu kwa boti. Basi pale, huku anatazama kivuko kinakuja taratibu, akanisimulia kazi yake ya mpira, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa mikono.

Alipokuwa kijana alikuwa na mbio. Timu ya mji wao ikamuuza mji mkuu, mji mkuu ukamuuza Bolivia, kwenye milima ambako hewa ni nyembamba mpaka mgeni anatapika akipanda ngazi. Huko goti lake likavunjika. Alikaa nje muda mrefu, na aliporudi mbio zilikuwa zimekwenda zake. Kila mtu alimpita.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

Akagusa mdomo wake. "Nilianza sema."

Mwanangu, hiyo ndiyo siri ya kazi yake yote. Alitoka Bolivia akaenda Ekwado, akatoka Ekwado akaenda Argentina, na kote huko hawakumtaka kwa ajili ya miguu. Walimtaka kwa sababu akiwepo katikati, wengine wote wanaona hata visivyo mbele yao. Mara moja tu aliitwa timu ya taifa. Alivaa jezi, akakaa benchi, mechi ikaisha hajaingia. Nilidhani angehuzunika kunieleza hilo. Badala yake alisimama juu ya lile jiwe na mkono juu.

"Nilipiga kelele kutoka benchi! Beki alisikia, akaruka, tukaokoa goli! Mimi hapana cheza. Sauti yangu imecheza!"

Watu waliokuwa wanasubiri kivuko walimpigia makofi bila kujua kimetokea nini. Mimi nilikuwa na machozi, nikajifanya nafuta vumbi.

Baada ya safari hiyo ningekuwa nimeelewa, sivyo? Sikuelewa. Nilimpenda Anselmo, nikamtazama kila alipokanyaga, na nikabaki bubu vilevile.

Hadi ile wiki ya mechi ya mwisho. Sare ingetubakiza ligi kuu. Tukifungwa, tunashuka, na kila mtu alijua kwamba timu ikishuka itavunjika. Baba mdogo alikuwa ameitumikia tangu ujana wake. Alikuwa hazungumzi nyumbani. Mazoezini tukagawanywa, na mpira ukamfikia akiwa amewapa mgongo vijana wa akiba. Nilimwona mmoja wao akija kwa kasi. Nikaanza kuipanga ile sentensi yangu kichwani, nikaondoa neno moja, nikarudisha jingine. Baba mdogo akagongwa kwa nyuma akaenda chini kifudifudi. Alipoinuka mdomo wake ulikuwa na vumbi na damu. Alinitazama tu.

Anselmo akaushika mpira kwa mikono. Mazoezi yakasimama. Akanijia.

"Wewe uliona?"

"Niliona, kaka."

"Kwa nini kimya?"

"Ni baba yangu mdogo. Siwezi kumfokea."

"Wewe unampenda?"

"Sana."

Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya yale majani yake. "Nyoka nyuma ya baba. Wewe kwanza unasema shikamoo?"

Wote wakaangua kicheko, Bwire wa kwanza. Anselmo hakucheka. Alinyoosha kidole kwa Bwire mpaka akanyamaza, kisha akarudi kwangu. "Jibu."

"Napiga kelele."

"Na shikamoo?"

"Baadaye."

"Baadaye," akarudia, akautupa mpira chini.

Jioni ile nilipanda juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu nikaanza kufanya mazoezi ya jina. Nilianza kwa kunong'ona. Kisha nikajaza kifua: "Masalu! Mtu!" Jirani akatoa kichwa dirishani. "Masalu yupi huyo unayemwita kama mbuzi? Huyu huyu anayekulisha?" Nikashuka yale mawe mbio, nusura nivunjike mguu kabla ya mechi.

Nikaona nifanye kama inavyofanywa kwetu. Jambo zito la kijana halipelekwi kwa baba moja kwa moja. Lina njia yake. Nikamfuata mama mdogo jikoni. Alikuwa anasonga ugali.

"Mama mdogo, naomba unisemee kwa baba. Naomba ruhusa ya kumpigia kelele uwanjani. Na kumwita jina."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Yaani mimi niende kwa mume wangu nikamwombee afokewe?"

"Kwa mpira tu, mama."

"Kwa mpira tu!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Mimi nina miaka yote hii namwomba ruhusa ya kufoka, na mwenyewe sijapewa. Haya, nenda. Nitasema."

Na alisema, maana wakati wa chakula alinikonyeza. Nikamnawisha baba mdogo mikono, nikakaa, nikasubiri. Nilitaka jibu, mwanangu, nilitaka ndiyo iliyo wazi, isiyo na shaka, nitembee nayo mpaka uwanjani. Baba mdogo alimega ugali, akala sato wake mpaka miiba. Mwishoni akainua macho.

"Maji," akasema.

Nikamletea maji. Akanywa, akaenda kulala. Basi.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya miamba ya nje. Mimi nilikuwa benchi. Tulifungwa mapema, tukasawazisha kwa kona, na tangu hapo ikawa kuzuia, kuzuia, kuzuia. Anselmo alikuwa hanyamazi. Masalu, geuka! Bwire, toka! Rudisha! Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mnadi. Halafu, kipindi cha pili kikiwa kimeenda mbali, nikamwona anasimama, anashika goti. Lile goti la Bolivia.

Kocha akageuka kwenye benchi. Akatazama wote, akanitazama mimi, akafumba macho kidogo kama mtu anayekunywa dawa chungu. "Shija."

Anselmo alitoka akitegemea bega la daktari. Hakunipa mkono. Alinishika taya kwa vidole viwili, akaitikisa. "Hii," akasema. "Miguu baadaye."

Nikaingia. Mara mbili mpira ulipita karibu yangu nikafanya yaliyo ya kawaida. Kisha beki wetu wa kulia akabanwa, akampigia baba mdogo mpira mbovu unaodundadunda. Baba mdogo akaupokea akiwa anatazama goli letu. Na mshambuliaji wao, yule mwenye mbio kuliko wote, akaanza kukimbia nyuma yake. Baba mdogo hakumwona. Baada yake alikuwa amebaki Bwire peke yake na goli, na timu nzima, na miaka yake yote.

Sentensi ikaanza kujipanga kichwani. Baba mdogo, samahani...

"MASALU! MTU!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ninaapa, jukwaa zima la upande ule liligeuza vichwa. Baba mdogo hakugeuka kutazama. Hakuuliza. Papo hapo akanisukumia mimi mpira kwa mguso mmoja, na yule mshambuliaji akapita akiteleza kwenye hewa. Sasa mpira uko kwangu, mwingine ananijia, na sikuwa na nafasi ya kuupanga vizuri hata kidogo. Nikaupiga. Uligonga ugoko wangu, mwanangu! Pasi mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga, imepinda, inazunguka kama chungwa, ningeiona kwenye ukuta wa ghala ningelia. Ikatua mbele ya winga wetu. Akaondoka nayo mpaka kwenye kibendera cha kona, akaikalia huko, wakamsukuma, faulo, wakamsukuma tena, faulo. Mimi huku nimefunguka kama bomba lililopasuka: "Masalu, panda! Bwire, baki! Masalu, kushoto!" Sikuweza kunyamaza hata kama ningelipwa.

Filimbi ikapulizwa. Sare. Tumebaki!

Watu wakamwagika uwanjani. Bwire alinirukia mgongoni akinifokea sikioni, "Mbunge! Mbunge wangu!" Anselmo alikuja anaruka kwa mguu mmoja, anacheka na kulia pamoja, anampa kila anayekutana naye shikamoo, mpaka mwamuzi. Na ndipo nikamwona baba mdogo anakuja. Anatembea taratibu, uso haujakunjuka. Furaha yote ikaniisha. Watu waliokuwa karibu wakatupisha, maana walikuwa wamesikia nilivyomwita, na wengi wao walijua mimi ni mtoto wa kaka yake.

Nikainama. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akasema. Kisha akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye jasho. "Ile ya kushoto ulichelewa."

Basi hilo tu! Ile ya kushoto nilichelewa! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku ule mama mdogo alinieleza kilichobaki. Siku aliyomfikishia ombi langu, baba mdogo alimjibu, "Mwambie nimemngoja tangu aje." Halafu akamkataza asiniambie. Alisema nikipewa ruhusa kwanza, nitakuwa naiomba kila mara, na mshambuliaji hasubiri.

Ile ilikuwa mechi ya mwisho ya Anselmo. Siku aliyoondoka, baba mdogo alimfungia mfuko mzima wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akampa mkono, akamwambia shikamoo. Na baba mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa kwa Anselmo kwa miaka! Anselmo alitutazama, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo sana. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema kitu polepole. Sasa anafundisha watoto kando ya mto wao, na ananitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia watoto wa Paragwai wanapiga kelele, na kila nikisikia najua amewashika taya mmoja mmoja.

Sasa neno langu kwako, mwanangu, na nalisema wazi ili usije ukasema sikukwambia. Kaka yako anapopokea mpira amekupa mgongo wake. Amekukabidhi. Ukinyamaza kwa ajili ya heshima, umemheshimu nani? Mwite jina. Mfokee. Neno moja linatosha, na lije kabla ya mguu wa adui. Mkitoka uwanjani, inama umpe shikamoo yake yote na maji umletee, wala usipunguze hata kidogo. Mimi baba mdogo namnawisha mikono mpaka leo. Na usingoje neno liwe zuri. Mimi najua ugonjwa huo, ninao, nimekaa nao kwenye meza hii tangu asubuhi. Pasi iliyotubakiza ligi kuu ilitoka kwenye ugoko. Isingetoka kabisa kama ningeingoja itoke kwenye kiatu. Na si mpirani tu. Nyumbani kwenu ukiona kitu kinamjia mzazi wako ambacho yeye hakioni, usikae kupanga maneno.

Mungu akupe macho ya kuona pande zote na pumzi ya kusema kwa wakati. Akupe wazee ambao hawatakasirika, na wakikasirika, wakasirike wakiwa wazima. Magoti yako yadumu kuliko ya Anselmo. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyewageuzia wengine mgongo, awepo mtoto mmoja nyuma yako mwenye mdomo mkubwa, akuite jina lako tupu, nawe usigeuke kumtazama ni nani. Mpe mpira.

Kesho mazoezi ni jioni. Mkifika, shikamoo zenu nitaziitikia zote. Kisha nataka kelele.